Tangu siku zikate mkojo unanitoka, na sasa hata choo. Nisaidieni wenzangu

MamaKitonga52:
Habari za humu jamani. Kwanza naombeni msinicheke, na kama wanangu mmojawapo yupo humu apite tu asinijue, maana hili jina nimelifungua jana usiku kwa ajili ya uzi huu basi.

Nina miaka 52, nakaa Dar, watoto wanne wote nimezaa kwa njia ya kawaida. Siku zangu zilianza kurukaruka nikiwa na 48, mwezi huu zipo mwezi ule hazipo, sahivi mwaka na miezi minne sijaona kitu. Lile joto la usiku nimeshalizoea, naamka shuka limelowa jasho nageuza mto nalala tena. Kilichonishinda ni huku chini. Ilianza kidogo kidogo, nikicheka sana au nikipiga chafya tone linatoka, nikawa nasema ah utu uzima huo. Sasa nikikohoa tu tayari, nikinyanyua ndoo tayari, na kikohozi chenyewe kimeniganda hakiishi, kikavu hakina hata makohozi, nimekunywa tangawizi na asali mpaka tumbo limekataa. Alafu kuna ile nyingine, nikifika getini nikishika kufuli tu mkojo unakuja kama umeitwa, natafuta ufunguo kwenye pochi huku nimebana miguu kama mtoto wa chekechea, mara tatu umenimwagikia palepale mlangoni.

Mwezi wa tano nilipanda basi kwenda Iringa msibani. Sikunywa kitu toka jana yake saa mbili usiku. Chalinze nikachimba dawa, Msamvu nikaingia choo cha stendi, nikasema nipo salama. Tumeingia Mikumi hifadhini ndo ukanishika. Mnajua pale basi halisimami, kilomita kama hamsini ni twiga na nyani tu, utachimba dawa na simba? Nikamuomba konda akasema mama vumilia kidogo. Sikuvumilia. Nilikua na kanga mbili nikazikunja nikazikalia, kijana wa pembeni yangu akafungua dirisha akageukia nje hakusema neno, Mungu ambariki yule mtoto. Toka siku hiyo sijapanda basi, kwaya nimeacha, vikoba natuma hela kwa simu.

Sasa mwezi wa kumi na mbili ni send-off ya binti yangu hukohuko Iringa na kamati imechagua sare ya wamama rangi ya krimu. Krimu jamani.

Na hili la mwisho nilitaka nisiandike kabisa. Kama miezi mitatu hivi hata haja kubwa inanisaliti. Siyo yote, ila unadhani ni upepo kumbe ni upepo na kingine, nguo ya ndani inachafuka, au natoka chooni nimejisafisha vizuri baada ya nusu saa nakuta tena pamechafuka. Hili hata mume wangu hajui. Je ni kukoma hedhi au nina ugonjwa mwingine? Kuna dawa au ndo nikae hivi mpaka nife?

ShangaziWaTemeke:
Pole sana mama, na hakuna wa kukucheka humu, tena wengine wanasoma uzi huu wamekalia taulo. Mimi nina 57 na nilipitia hiyo ya kufuli la geti, mpaka nikawa natoka kazini nimeshika funguo mkononi toka kwenye daladala.

Nakupa mambo mawili tu ya haraka wataalamu watakuja. Moja, kama unatumia pedi za kawaida za hedhi acha, zile zimetengenezwa kwa damu inayotoka taratibu, mkojo unakuja kwa kishindo unapita pembeni na harufu inabaki. Zipo pedi za mkojo zenyewe na zipo pampasi za watu wazima za kuvaa kama chupi, ulizia famasi kubwa usione aibu, sema ni za mama yako mzazi, sote tulisema hivyo. Mbili, acha kujinyima maji. Najua unaona ndo dawa, ila mkojo ukiwa mzito wa njano iliyoiva unakiudhi kibofu ndo kinazidi kukurupuka. Na hilo la choo usikute ni hayohayo maji unayojinyima.

DktAsiliaOriginal:
Dada hilo tatizo dogo sana kwetu. Tuna dawa ya mizizi inabana kizazi kibofu na njia zote ndani ya siku 7 unakua kama binti wa miaka 18. Nicheki inbox.

ShangaziWaTemeke:
Wewe nae kila uzi upo. Juzi kwenye uzi wa vidonda vya tumbo ulikua na mzizi huohuo wa siku 7.

SistaMstaafu:
Mama Kitonga pole. Nimekua muuguzi miaka mingi, nyingi wodi ya wazazi, na kliniki ya wanawake kabla sijastaafu, ngoja nikuandikie kirefu kidogo unisamehe.

Kukoma hedhi kunahusika ndiyo, ila mara nyingi hakuko peke yake. Ukiangalia huko chini kuna misuli imetandazwa kutoka kinena mpaka mfupa wa mkia, imebeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho, ifikirie kama kitanda cha kamba. Ukizaa wanne kamba zinalegea, ukibeba ndoo miaka thelathini zinalegea, ukikohoa kutwa zinalegea zaidi, lakini homoni ya estrojeni ilikua inasaidia nyama za pale zibaki nene na zenye unyevu. Siku zikikata estrojeni inashuka, ngozi ya njia ya mkojo na uke inakua nyembamba na kavu, ndo vile vilivyokua vimejificha vinatokeza. Kwaiyo unaweza kuchanika mwaka ule unajifungua, ukakaa miaka ishirini na tano salama, halafu ukaanza kuvuja ukiwa na hamsini. Na hapo nakuuliza, kwenye uzazi wako ulichanika sana au uliongezewa njia? Maana msuli wa haja kubwa uko jirani kabisa na pale panapokatwa.

Maswali mengine nijibu. Unatumia dawa gani za kila siku, nitajie zote hata za presha. Sukari umepima lini? Choo chako ni kigumu, unakaa siku ngapi hujaenda? Mkojo unawasha au unauma? Unahisi kitu kama kinashuka ukeni ukichuchumaa? Na je unavuja kwa vipindi hivyo ulivyosema, au ni mfululizo usiku na mchana bila hata kubanwa? Kwa sababu wa mfululizo baada ya uzazi mgumu anaweza kua na fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, hiyo ni habari tofauti, inahitaji upasuaji, na kwa hapo Dar hospitali ya CCBRT wanawatibu bure.

MamaKitonga52:
Asante Sista, nimesoma nikalia kidogo. Siyo mfululizo, ni vipindi. Hauumi wala hauwashi. Sijahisi kitu kushuka. Kifungua mimba wangu alikua kilo nne na kitu, niliongezewa njia na bado nikachanika, nilishonwa muda mrefu nakumbuka nesi alibadilisha taa. Choo kigumu ndiyo, siku nne tano, af inakuja hiyo ya majimaji nayosema inachafua, ndo maana sikujua niseme naharisha au nimefunga. Sukari sijapima. Dawa natumia ya presha tu, mwaka wa pili sasa, boksi limeandikwa Enalapril.

SistaMstaafu:
Haya, hapo umenipa tatu kwa mpigo.

Enalapril na ndugu zake captopril na lisinopril ni dawa nzuri za presha ila zina tabia moja, kuna watu zinawapa kikohozi kikavu cha kukereketa koo kisichosikia tangawizi wala asali. Kikohozi chako kimeanza lini, kabla ya dawa au baada? Ukinijibu baada, basi kila siku unaipiga nyundo misuli ambayo tayari imechoka. USIACHE DAWA MWENYEWE, presha ikipanda unaweza kupata kiharusi tuje tuzungumze mengine. Rudi kwa daktari aliyekuandikia mwambie nakohoa, ipo jamii nyingine kama losartan ambayo mara nyingi haina shida hiyo, yeye ndo ataamua. Hata ukibadilishiwa kikohozi kinaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha usikate tamaa siku ya tatu.

Pili choo. Siku nne tano halafu majimaji yanachuruzika, nina wasiwasi choo kigumu kimejaa kwenye utumbo wa mwisho kikawa kama kizibo, kile cha majimaji cha juu kinapita pembeni kinavuja bila wewe kujua. Mtu anadhani anaharisha anakunywa dawa ya kufunga, anazidi kujiziba. Nimeona mabibi wengi hivyo. Na utumbo ukijaa unakibana kibofu ndo maana na mkojo unakua wa ghafla. Daktari akipima kwa kidole anajua dakika moja, ndiyo ni aibu, ila ulishajifungua wanne mbele ya watu.

Tatu ndo huo mchaniko wa zamani, aangalie kama msuli wa haja kubwa unabana vizuri.

Ukienda omba pia wapime mkojo na sukari, sukari ikipanda unakojoa hovyo na wewe unasingizia umri. (Na walio tayari kwenye metformin, dawa ya sukari, ile inalainisha choo kwa baadhi ya watu, mkiona mnaharisha semeni kliniki.) Kwa umri wetu choo kikibadilika tabia kisichukuliwe juujuu, na ukiona damu kwenye choo au kwenye mkojo, unakonda bila sababu, au kufa ganzi sehemu za siri na mapaja kwa ndani, mwambie daktari, na hiyo ya ganzi ni siku hiyohiyo hospitali.

Sasa mazoezi. Kuna daktari wa Marekani anaitwa Arnold Kegel aliandika habari zake mwaka 1948 na mpaka leo ndo kitu cha kwanza kinachoshauriwa, tatizo wengi wanayafanya vibaya. Fikiria upo kwenye daladala imejaa, upepo unataka kutoka, unabana usitoke, bila kubana makalio, bila kukunja uso, bila kuzuia pumzi. Huo ndo msuli. Halafu endelea kuvuta mpaka mbele kama unazuia mkojo. Bana hesabu mpaka tano, achia kabisa hesabu tano, mara nane mpaka kumi, asubuhi mchana jioni. Ukizoea fika hesabu kumi. Usifanye mazoezi ukiwa unakojoa, ile ya kukata mkojo katikati ni ya kujua msuli ulipo siku moja tu, ukiifanya kila siku kibofu hakimalizi mkojo. Na ni MIEZI MITATU, siyo wiki moja unakuja kusema Sista haifanyi kazi. Ila kuna kimoja kinasaidia mapema, bana KABLA ya kukohoa, kabla ya kunyanyua ndoo, kabla ya kupiga chafya.

La kufuli la geti, hapo usikimbie. Ukikimbia unakitikisa. Simama ulipo au kaa, bana haraka haraka mara tano sita, fikiria kitu kingine, hesabu hela za vikoba, ule mshtuko unakuja kama wimbi unapita, ukishapita ndo unatembea taratibu kwenda chooni. Na acha kile cha kwenda chooni kila saa "kwa tahadhari", kibofu kinazoea kidogo. Kama sasa unaenda kila saa moja, wiki hii sogeza iwe saa moja na robo, wiki ijayo na nusu, mpaka ufike kila baada ya masaa matatu. Inataka wiki sita hivi au zaidi. Chai ya rangi, kahawa na soda za kola punguza uone, kafeini inakisukuma kibofu. Maji lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, mengi mchana, usiku punguza.

BintUnguja_60:
Asalam alaykum. Mie nitaongeza la wanawake wa kwetu ambalo Sista huenda hakulijua. Mie kilichonitesa si mkojo ni sala. Kila nikitia udhu nikirukuu tu nasikia umetoka, narudi kutia udhu, nasimama tena, Isha ilikuwa ikinichukua saa nzima mpaka nikawa naichukia sala astaghfirullah. Nikaja kumuuliza ustadhi wetu wa mtaani, kwa kumtuma mke wake maana haya, akanambia mtu wa udhuru kama huo hukumu yake kama mwanamke mwenye damu ya istihadha, ile isiyo ya hedhi, ukiingia wakati wa sala unajisafisha, unafunga pedi safi, unatia udhu, unasali pale pale bila kuchelewa, na kitakachotoka ndani ya sala hakikuvunjii. Kila sala ya faradhi na udhu wake. Wallahi nililia. Muulizeni na nyie wa kwenu, lakini msiache kwenda msikitini kwa jambo lenye ruhusa.

Na la pili. Wale wanaowauzia shabu ya kutia ukeni, na kujifukiza, na sabuni za manukato za kuoshea ndani, ati "kubana", tafadhali. Ngozi imeshakuwa nyembamba kama karatasi ya sambusa, unaipaka shabu, itachanika. Mie nilijiunguza nikaenda hospitali siwezi kukaa. Huko ndiko nilikopewa krimu ya estrojeni ya kutia ukeni, kidogo tu, mwanzo kila usiku wiki mbili kisha mara mbili kwa wiki. Ukavu umeondoka, kule kukurupuka chooni usiku kumepungua, nilikuwa naamka mara tano sasa moja au mbili. Famasi tatu hawanayo ya nne ndiyo nikaipata.

SistaMstaafu:
Shukran bibie, la sala nimelichukua. Kwenye krimu niseme kitu watu wasichanganye, hiyo ya ukeni ni dozi ndogo inayofanya kazi palepale. Vidonge vya homoni vya kumeza ni vingine, vinasaidia joto na jasho ila kwa mkojo hapana, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2005 ulikuta waliomeza walivuja zaidi kuliko wasiomeza. Na aliyewahi kupata saratani ya matiti asiguse hata krimu bila daktari wake.

BabaDee:
Samahani wamama naingia kwenye uzi wenu. Mke wangu ana 54, miezi saba sasa amehamia chumba cha watoto anasema nakoroma. Nimekoroma miaka thelathini ndo leo? Nikawa na mawazo yangu mengine, ukweli niliwaza kuna mtu. Jana nimeanua nguo nimekuta katandika nailoni ya mezani chini ya shuka lake. Nimesoma uzi huu wote nimekaa kimya. Naanzaje kumwambia najua bila kumuaibisha?

ShangaziWaTemeke:
Baba Dee usimwambie "najua". Nenda kanunue shuka lisilopitisha maji la kitanda CHENU, lile la kitambaa juu nailoni chini, tandika mwenyewe, kwenye kitanda chenu, nyamaza. Akiuliza ndo mazungumzo yameanza. Na siku ya kliniki nenda nae usimsubirie kwenye gari.

YayaWaLeeds:
Mimi nipo Uingereza nafanya kazi ya kuhudumia wazee, hiki ndo kitu ninachokifanya kutwa nzima kwaiyo niongelee ngozi tu maana hakuna aliyegusa. Mkojo na choo vikikaa pamoja kwenye ngozi vinaichoma, inakua nyekundu inachubuka, na wewe unaanza kupaka poda, poda inaganda kwenye mikunjo inazidi kuchubua. Osha na maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo na harufu au usitie kabisa, kausha kwa KUGUSAGUSA usisugue, alafu paka mafuta mazito ya mgando kidogo sana au krimu ya zinki ya watoto. Ukipaka mengi pedi inaziba hainyonyi. Kutoka mbele kwenda nyuma siku zote jamani, UTI nyingi zinaanzia hapo.

Na wenye choo cha kukaa weka kigoda kidogo chini ya miguu magoti yapande juu ya nyonga, inamie mbele, usisukume kwa nguvu. Huku kwetu kazini tunawawekea wazee kigoda wanashangaa, nikawaambia nyumbani Tanzania tulikua na choo cha kuchuchumaa hatukuhitaji kigoda. Wakati mzuri wa kujaribu ni kama nusu saa baada ya chai ya asubuhi, chakula kikiingia tumboni utumbo wenyewe unaamka. Kaa dakika kumi, kikitoka sawa kisipotoka ondoka, kesho tena saa ileile.

MamaKitonga52:
Wapendwa nimerudi, najua nimepotea. Ngoja niwape mrejesho wote kwa sababu kila siku naona mtu ananiuliza inbox umefikia wapi.

Wiki ile ile nilienda kituo cha karibu na nyumbani, daktari kijana hata hakuniangalia, akasema mama ni umri akaniandikia antibiotiki. Nikataka nirudi nyumbani nikae. Nikakumbuka Sista, nikaenda kwingine, safari hii nimeandika kila kitu kwenye karatasi maana mdomo wangu ulikua unakataa kutamka, nikamkabidhi daktari karatasi. Mama mtu mzima kama mimi. Akasoma yote akavua miwani akasema tuanze na haya ya nyuma.

Ilikua kama Sista alivyosema, nimejaa choo kigumu. Nilipewa dawa ya maji tamu ya kulainisha, siku tatu za kwanza zilikua vita sitaki kuelezea. Baada ya hapo ugali nikabadilisha dona, papai asubuhi, maharage, maji sasa nakunywa. Kule kuchafuka kumepungua, kwa wiki inaweza isitokee kabisa, ila upepo bado siuamini asilimia mia. Alisema msuli wa nyuma upande mmoja ni dhaifu, ni ule mchaniko, miaka 29 hakuna aliyewahi kuniambia. Choo kilipimwa kama kuna damu isiyoonekana, haikuwepo. Sukari ilikua ya kawaida, mkojo safi.

Presha nikabadilishiwa nikapewa losartan. Kikohozi kiliisha kama wiki ya tano hivi, siku moja tu nikashtuka nipo kanisani mahubiri yameisha sijakohoa. Nimerudi kwaya. Sauti ya kwanza wamenihamishia ya pili, tuyaache hayo.

Mazoezi nafanya, natumia adhana na kengele kujikumbusha (jirani zangu Waislamu, adhuhuri nabana, alasiri nabana, magharibi nabana). Miezi miwili ya kwanza sikuona kitu, niliandika hapa nikafuta. Wa tatu ndo nikaanza kunyanyua ndoo pakavu. Geti bado linanisumbua ila sasa nasimama nahesabu hela za vikoba kama nilivyoambiwa, mlinzi wa jirani anadhani nasali.

Mume wangu nilimwambia. Alisema "mi nilijua una sukari unanificha nikaogopa kuuliza." Basi.

Send-off imepita. Basi tulipanda la asubuhi, nilivaa zile za kuvaa kama chupi na nyingine mbili kwenye pochi, nilikunywa maji kidogo kidogo njia nzima siyo kujikausha. Mikumi nilipita nimelala. Nimeambiwa kulikua na tembo barabarani basi likasubiri robo saa na mimi nakoroma. Krimu nilivaa, ndani nikaweka gagulo jeusi, kwenye kucheza kwaito nilibana kabla ya kila kuruka. Kidogo kilitoka mwisho mwisho, pedi ikabeba.

NaniliuWaMoshi:
Mama hongera sana, nimesoma uzi wote leo nina 49 nimeanza juzi. Naomba kuuliza hizo za kuvaa kama chupi, ukivaa gauni la kubana zinaonekana? Na saizi unajuaje maana famasi waliniuliza saizi nikakimbia.

MamaKitonga52:
Pima kiuno na nyonga kwa tape ya fundi, chukua namba kubwa kati ya hizo mbili, alafu angalia nyuma ya pakiti kuna sentimita zimeandikwa. Mi nyonga 112 nikachukua L. Kwenye gauni la kubana zinaonekana kidogo kwa nyuma, mwambie fundi akuongezee inchi mbili na kitambaa cha ndani. Mi fundi nilimwambia nimenenepa.

NaniliuWaMoshi:
😂😂 nimekupata. Naenda kesho asubuhi famasi kabla watu hawajajaa.